Mkosoaji si Adui

Hivi karibuni, katika kijiji kimoja cha mkoa wetu ambacho hatutakitaja kwa jina, kijana mmoja mkulima alisimama katika mkutano wa hadhara akauliza fedha za ushuru wa mkaa zimekwenda wapi. Kiongozi aliyekuwa mezani hakujibu. Alimwamuru kijana aketi, akasema swali hilo lina siasa ndani yake, kisha akamwagiza karani aandike jina la muulizaji. Mkutano ukaendelea na ajenda ya madawati ya shule.

Habari hiyo ilitufikia hapa Misugusugu kama zinavyotufikia habari nyingi, kwa njia ya barabara. Penye baraza ya kahawa, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, ilizungumzwa kwa siku mbili mfululizo. Mzee mmoja, mwana-TANU wa siku nyingi ambaye tunamheshimu sana, alikata shauri kwa kusema kwamba uhuru wa kusema ni mambo ya wenye magazeti na mawakili wao. Mkulima ana jembe lake na inamtosha. Mzee hakusema hivyo kwa ubaya. Hata hivyo tuliona si haki kuiacha kauli hiyo ipite bila kujibiwa, kwa kuwa wako watumishi wa Serikali wanaoiamini kwa dhati na kuitumia kila siku.

Ndipo tulipomkumbuka Ndugu Issa Shivji, Profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wasomaji wetu wa Mafia, Unguja na Pemba wanalijua jina hilo, pengine kuliko sisi wa huku bara, kwa sababu ya yale aliyoyaandika juu ya Muungano. Wapo watakaoshangaa kuona safu hii, inayoandikwa na makada, ikimtaja kwa heshima mtu ambaye tangu ujana wake hakuacha kukikosoa Chama. Wasishangae. Maisha ya kazi ya msomi huyu ni kama daftari ambamo kila kizazi cha uongozi wetu kimeandika namna kilivyopokea maneno kisiyoyapenda, na si kila ukurasa wa daftari hilo unatupa fahari.

Ndugu Shivji alizaliwa Kilosa mwaka 1946. Alisoma sheria Mlimani na kumaliza mwaka 1970, akaenda London kwa shahada ya pili, akarudi kufundisha, na mwaka 1982 akapata udaktari wake hapo hapo Dar es Salaam. Ni vema ikumbukwe kwamba Kitivo cha Sheria, ambacho ndicho kilichokuwa mwanzo wa chuo chenyewe, kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba. Wanasheria wetu wa kwanza walifundishwa chini ya dari ya Chama. Anayedai leo kwamba msomi wa sheria ni mgeni katika nyumba hii hajui nyumba ilivyojengwa.

Akiwa bado mwanafunzi, yeye na wenzake walikuwa na jarida lililoitwa Cheche, lililoanza mwishoni mwa mwaka 1969. Lilikuwa jarida la vijana waliokuwa wakilisoma Azimio la Arusha mstari kwa mstari na kuuliza kama yaliyoandikwa ndiyo yanayotendwa. Mwaka 1970 toleo moja maalum la jarida hilo lilichapisha insha ndefu ya Ndugu Shivji juu ya mapambano ya kitabaka yanayokwenda kimya kimya. Hoja yake, kwa ufupi, ilikuwa kwamba kutaifisha kampuni hakutoshi ikiwa mikataba ya uendeshaji inawaachia mabepari wale wale usukani, na ikiwa tabaka jipya la wakubwa linaota ndani ya mashirika ya umma. Mwezi Novemba mwaka huo huo jarida likapigwa marufuku, pamoja na umoja wa wanafunzi wanamapinduzi uliokuwa ukilitoa. Sababu iliyotolewa ilihusu jina: Cheche lilitokana na Iskra ya Lenin, ikaonekana kana kwamba ujamaa wetu ni wa kuazima Urusi.

Tunaomba msomaji aitazame kalenda. Cheche ilizimwa Novemba 1970. Februari 1971, miezi mitatu tu baadaye, TANU ikatoa Mwongozo, ambao ibara yake ya 15 iliwakataza viongozi kuwa wenye majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi viwandani waliishika ibara hiyo kwa mikono miwili, wakawaambia mameneja wao ana kwa ana yale ambayo wanafunzi walikuwa wameyaandika kwenye karatasi za kudurufu. Kwa hiyo Chama kilizima taa asubuhi, na jioni kikawasha ile ile kwa mkono wake chenyewe. Sisi tuliolelewa na Chama tunaona aibu kidogo kulikiri hili, lakini mwanachama aliyeahidi kusema kweli daima hana njia nyingine. Vijana wale hawakuwa maadui. Walikuwa wametangulia kidogo tu, na kosa lao kubwa lilikuwa kuchagua jina la gazeti.

Jambo la pili la kulitazama ni kwamba mwandishi wa insha ile hakufukuzwa kazi. Alifundisha katika chuo cha umma hadi alipostaafu mwaka 2006, akilipwa mshahara na Serikali aliyokuwa akiikosoa. Mwaka 1976 alitoa kitabu kizima juu ya mapambano ya kitabaka nchini, na mwaka 1986 kingine juu ya sheria, dola na tabaka la wafanyakazi. Hatudai kwamba enzi zile zilikuwa za pepo. Sheria ya kuweka watu kizuizini ilikuwako na ilitumika. Lakini palikuwa na busara fulani, ambayo inafaa kuwakumbusha wakuu wa leo, ya kutambua kwamba chuo kisicho na mtu wa kukataa hakina tofauti na ghala la vitabu.

Sheria iliyoziba vinywa hatukuitunga peke yetu, tuliirithi. Mwaka 1954 huko Unguja Waingereza waliwashtaki kwa uchochezi viongozi wa Jumuiya ya Waarabu kwa sababu ya makala za gazeti la Al-Falaq. Mwaka 1958 huku Tanganyika walimshtaki Mwalimu Nyerere mwenyewe, kwa makala aliyoandika katika Sauti ya TANU kuwashutumu maofisa wawili wa wilaya. Alitiwa hatiani, akatakiwa alipe faini ya shilingi 3,000 au aende jela miezi sita. Akalipa, akaendelea na kazi ya ukombozi. Mtu angetazamia kwamba Chama ambacho Rais wake alihukumiwa kwa kalamu kingelikuwa cha kwanza kuichana sheria ya namna ile. Haikuwa hivyo. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 iliyachukua makosa ya uchochezi kama yalivyokuwa, na juu yake ikampa Waziri uwezo wa kulifungia gazeti akiona yeye kwamba maslahi ya umma yanataka hivyo. Akiona yeye. Maneno hayo ni machache, lakini ndiyo yaliyobeba uzito wote.

Azimio la Arusha lilikuwa limetamka tangu mwaka 1967 kwamba kila raia anayo haki ya kusema, kwenda atakako, kuabudu na kukutana na wenzake, ila katika mipaka ya sheria. Kosa halikuwa katika kuweka mipaka. Hakuna nchi isiyo na mipaka. Kosa lilikuwa kwamba aliyepewa kamba ya kupimia ndiye huyo huyo aliyekuwa akipimwa. Hati ya haki za binadamu iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, baada ya kukataliwa kwa miaka mingi, nayo ikasubirishwa hadi Machi 1988 kabla raia hajaruhusiwa kuipeleka mahakamani. Na hata hapo, ibara ya 18 ya uhuru wa maoni ilikuwa imefungwa mguu kwa maneno yaliyoiweka chini ya sheria za nchi. Maneno hayo yaliondolewa mwaka 2005. Ilituchukua miaka 21 kufuta fungu moja la maneno.

Tufike visiwani. Wazee wa Unguja na Pemba hawahitaji kukumbushwa mwaka 1983, Chama kilipofungua mjadala wa Katiba na kuwaambia wananchi waseme. Wakasema. Ndugu Wolfgang Dourado, mwanasheria aliyekuwa amewahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, alisimama katika semina ya wanasheria huko Dar es Salaam akaeleza wazi kwamba muundo wa Muungano una kasoro. Aliwekwa kizuizini. Mapema mwaka 1984 ikatangazwa kwamba hali ya hewa ya kisiasa imechafuka, na Mzee Aboud Jumbe akajiuzulu. Somo walilolipata watu wengi wakati ule ni kwamba ukiambiwa useme, kwanza tazama nani anaandika.

Sasa linganisha na mwaka 1990. Bado tulikuwa na chama kimoja. Ndugu Shivji, akiitoa hotuba yake ya kupokea uprofesa, alichagua mada ya misingi ya kisheria ya Muungano. Alifungua Hati za Muungano za Aprili 1964, akahesabu mambo ya Muungano yaliyokuwamo mwanzo, nayo ni 11, akaonyesha jinsi orodha ilivyorefushwa mwaka hata mwaka, akauliza ni kwa idhini ya nani. Hotuba ikachapishwa kuwa kitabu, na aliyekichapisha ni mchapishaji wa Chuo Kikuu chenyewe. Hapana aliyekamatwa. Muungano haukuvunjika siku ile wala siku iliyofuata. Kilichotokea ni kwamba maneno yaliyokuwa yakinong'onwa barazani Malindi na Darajani yalipata lugha ya sheria, watu wakaweza kubishana kwa kunukuu ibara badala ya kutukanana. Tunadiriki kusema kwamba kitabu kile kimeutumikia Muungano kuliko nyimbo nyingi za kuusifu.

Sisi tuliopitia chuoni kwa maalimu kabla ya kupelekwa shule ya Serikali tulifundishwa adabu moja ambayo wasomaji wetu wengi wanaijua. Imamu anaposoma katika swala akakosea aya, au akasahau, maamuma aliye nyuma yake humfungulia: huisoma aya kama ilivyo, kwa sauti ya kusikika, na imamu hurekebisha. Maamuma aliyefanya hivyo hakutoka katika swala. Hakutaka kuingia mihrabuni. Wala imamu hageuki kumwuliza ametumwa na nani. Ikiwa safu nzima itanyamaza kwa kumwogopa imamu, aya itabaki imekosewa na wote wataipokea hivyo. Tunaona haya kwamba jambo ambalo tulilielewa tukiwa watoto wa miaka kumi, tumekalia mkekani, linawashinda baadhi ya wakubwa wenye ofisi na viti vya kuzunguka.

Januari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi alifanya jambo ambalo tungependa lisomwe katika kila chuo cha uongozi, kikiwamo kile cha jirani zetu wa Kwa Mfipa kinachobeba jina la Mwalimu. Alimteua mkosoaji huyu kuwa Mwenyekiti wa Tume ya Rais ya kuchunguza mambo ya ardhi. Tume ilizunguka bara yote. Ilifanya zaidi ya mikutano 200 ya hadhara vijijini na mijini, na waliohudhuria walipita 80,000. Watu walisimama mbele ya majirani zao, na mbele ya viongozi wao, wakaeleza nani amechukua shamba la nani, lini na kwa hati gani. Maelezo yakaandikwa, nayo yakaandikwa ili yasomwe, si kwa ajili ya kumtafuta aliyeyatoa.

Ripoti ilikabidhiwa mwaka 1992 ikachapishwa mwaka 1994. Pendekezo lake kubwa, kwamba milki ya mwisho ya ardhi itoke mikononi mwa watendaji wa Serikali, na ardhi ya kijiji iwe ya mkutano mkuu wa kijiji, halikukubaliwa. Sera ya mwaka 1995 na sheria mbili za mwaka 1999 zilimwacha Rais kuwa mdhamini wa ardhi yote. Ndugu Shivji hakukaa kimya. Aliandika tena, akakosoa tena, na tangu mwaka 1994 alikuwa na wenzake katika HAKIARDHI, taasisi ya kutetea haki za wazalishaji wadogo. Mtu anaweza kukubali au kukataa hoja zake juu ya umilikaji. Sisi wenyewe tuna mashaka na baadhi yake. Lakini sehemu ya kazi ile iliingia katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ambamo mkutano mkuu wa kijiji umepewa sauti juu ya ugawaji wa ardhi.

Hapa ndipo tunapomjibu mzee wetu wa barazani. Mwishoni mwa miaka ya 2000, hapo jirani Kisarawe, mwekezaji alipewa hekta zaidi ya 8,000 kutoka katika ardhi ya vijiji 11 ili alime mibono kaburi ya kutengenezea mafuta. Mwaka 2011 shughuli zikasimama, na wanakijiji wakabaki hawana ardhi wala ajira waliyoahidiwa. Je, ni gazeti gani lililohitajika pale? Kilichohitajika kwanza ni mkulima mmoja katika kila kijiji asimame kwenye mkutano aulize: mkataba uko wapi, fidia ni kiasi gani, na mwekezaji akiondoka ardhi itarudi kwa nani? Na kilichohitajika pili ni karani aandike swali, aache jina. Yule kijana wa ushuru wa mkaa alikuwa akifanya kazi ile ile ambayo Tume ya Rais ililipwa kuifanya. Uhuru wa kusema ukimtoka mkulima mkutanini, gazeti nalo halina la kuandika, kwa maana mwandishi aliyeko mjini ataijuaje Kisarawe?

Mwaka 2006 makala za Ndugu Shivji zilizotoka magazetini zilikusanywa kuwa kitabu ambacho jina lake lamaanisha waacheni watu waseme. Ana deni kwetu katika jambo moja nasi hatutamficha: sehemu kubwa ya yale aliyowaandikia wavuja jasho aliyaandika kwa Kiingereza, lugha ambayo mvuja jasho wa Kilindoni au Maneromango haisomi. Lawama hiyo ni ya kitivo kizima na ya mahakama zetu pia, zilizokaa miaka mingi zikimhukumu mtu kwa lugha asiyoijua.

Wala magazeti hayatatoka hapa bila kuguswa. Yako yanayoandika uvumi kwa wino mzito. Wako waandishi wasioandika mpaka wapewe bahasha, na wakiisha kuipokea huandika kila kitu isipokuwa habari. Anayewatetea watu wa aina hiyo kwa jina la uhuru anauchafua uhuru wenyewe. Swali letu ni moja tu: gazeti likikosea, nani aamue kwamba limekosea, na kwa utaratibu gani?

Tutoe mfano wa nyumbani, ili tusionekane tunafukua ya wengine. Agosti 2021 gazeti la Uhuru, gazeti la Chama chetu, lilichapisha katika ukurasa wa mbele habari kwamba Rais Samia Suluhu Hassan hana wazo la kugombea mwaka 2025. Habari haikuwa sahihi. Chama chenyewe kililisimamisha gazeti kwa siku saba na kuwawajibisha wakuu wake. Hilo ni haki ya mwenye mali. Lakini juu ya hapo Idara ya Habari ya Serikali ikasitisha leseni kwa siku 14, kwa nguvu ya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Makada wengi waliokuwa wakishangilia magazeti ya wapinzani yalipokuwa yakifungiwa mwaka 2017, mengine kwa siku 90 na mengine kwa miezi 24, siku ile walionja dawa ile ile. Haikuwa tamu. Kalamu ya ofisa haina macho ya kutambua rangi ya kadi.

Lakini tayari, tangu Machi 2019, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha ilikuwa imeamua kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo, kikiwamo kile cha Waziri kuzuia machapisho, vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya ambao nchi yetu imeutia sahihi. Februari 2022 Serikali iliyafungulia magazeti manne yaliyokuwa kifungoni, na mwaka 2023 Bunge likapunguza baadhi ya makali ya sheria. Tuliyapokea hayo kwa furaha, na tunasema hivyo bila kusitasita. Hata hivyo gazeti lililofunguliwa kwa hisani ya Waziri laweza kufungwa na Waziri ajaye asiye na hisani.

Visiwani mambo ya habari si ya Muungano, kwa hiyo sheria ya 2016 haivuki bahari. Zanzibar ilijitungia yake mwaka 1988, nayo ikatoka katika ukoo ule ule wa uwezo wa ofisi juu ya uchapaji. Novemba 2003 gazeti la Dira, lililokuwa na umri wa mwaka mmoja tu na lililosomwa Unguja na Pemba mpaka karatasi ikachanika mikunjo, lilifungwa. Tulikuwa na maoni yetu juu ya baadhi ya makala zake, na baadhi zilituudhi. Lakini wasomaji wake hawakuacha kufikiri walichokuwa wakifikiri. Walikiondoa tu mahali ambapo sisi tungeweza kukisoma na kukijibu. Kwa mtu wa Chama hiyo ni hasara, maana kada asiyejua watu wanasema nini hana kazi ya kufanya. Hapo ndipo unapoonekana uzito wa kazi ya marehemu Profesa Haroub Othman, mwana wa Unguja aliyefariki mwaka 2009, aliyekuwa miongoni mwa walioanzisha Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar mwaka 1992. Kituo kiliwapa wasio na uwezo wa kumlipa wakili mahali pa kuuliza sheria inasemaje, na yeye hakuulizwa alivaa shati la rangi gani.

Hapa Misugusugu, kwa miaka mingi, malori ya shehena yamekuwa yakisimamishwa yakaguliwe. Dereva hunung'unika, lakini anajua kifungu alichovunja akiambiwa amevunja, hupewa karatasi, na akiona ameonewa anajua mlango wa kubisha hodi. Tunaliombea gazeti angalau haki ya lori. Ofisa wa Serikali akiona gazeti limevunja sheria, apeleke shauri mbele ya hakimu, aeleze ni neno gani na limemdhuru nani, na mhariri ajibu hadharani. Adhabu itoke kwa hakimu. Mpaka hukumu itoke, gazeti liendelee kuchapwa. Kwa kosa dogo yako Mabaraza ya wanahabari wenyewe, ambayo huamuru masahihisho na kuomba radhi, na hayahitaji polisi.

Vyombo vya kutunga sheria, Dodoma na Chukwani, vina wanasheria wa kutosha wa kuliandika hilo kwa ibara zake. Sisi tunawaelekea zaidi watendaji wa kata na vijiji wa Kibaha, Kisarawe na Mafia, ambao jambo lao halingoji Bunge. Sheria ya serikali za mitaa tangu mwaka 1982 imekwisha kuupa mkutano mkuu wa kijiji mamlaka yake, na taarifa ya mapato na matumizi si fadhila. Ibandikwe ukutani kabla ya mkutano, kwa hati inayosomeka. Mihutasari iwekwe mahali ambapo mwananchi yeyote aweza kuomba kuisoma.

Na yule kiongozi wa kile kijiji, tunayemjua naye anatujua, tunamwomba katika mkutano ujao amwite yule kijana kwa jina lake, ambalo analo kwenye daftari, ampe nafasi ya kuuliza tena swali lake la ushuru wa mkaa, kisha amjibu.